Matuta hayana bahati nasibu

Mhariri,

Kila timu zetu zinapotolewa kwenye mtoano, neno la kwanza linaloandikwa ni "bahati". Lilisikika tena Agosti 2025 kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, wenyeji wote watatu walipoishia robo fainali ndani ya siku mbili. Tarehe 22 Kenya ilitolewa na Madagascar pale Kasarani kwa matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, 4-3 baada ya sare ya 1-1, na Tanzania ikalala 1-0 mbele ya Morocco kwa Mkapa. Kesho yake Uganda ikafungwa 1-0 na Senegal, Namboole.

Sasa itazameni fainali: Morocco 3, Madagascar 2. Morocco hiyohiyo Kenya iliifunga 1-0 kwenye makundi, na Madagascar hiyohiyo Tanzania iliichapa 2-1. Waliogombea kombe wote walikuwa wameshapigwa na sisi. Soka la dakika 90 tunalo. Tunapopwaya ni kwenye hesabu za mtoano, na hesabu hizo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Chukua suala la kubadilisha wachezaji. Kocha ana nafasi tano, azitumie kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, mapumziko hayahesabiki. Muda wa nyongeza, zile dakika 30 baada ya sare, humpa mchezaji mmoja zaidi na fursa moja zaidi. Kwa mujibu wa sheria, wanaopiga matuta ni wale waliokuwa mchezoni filimbi ya mwisho ilipolia, hata kama mmoja alikuwa nje kidogo akitibiwa. Sasa kocha anayemtoa mpigaji wake wa kwanza dakika ya 70 kwa sababu amechoka, kisha wa pili dakika ya 85, anafika dakika ya 120 akiwa na mabeki watatu wanaoangalia chini. Ukiona benchi linaulizana "nani anapiga?" huku refa ameshaita manahodha, jua daftari la wapigaji halikuwepo. Orodha iwe ya wote 11, si watano, na ipangwe upya kila mchezaji anapotoka.

Mazoezi nayo yana walakini. Timu nyingi hupiga penalti mwisho wa mazoezi huku watu wakitaniana, mpira uko palepale miguuni. Kwenye mechi mpigaji hutembea peke yake zaidi ya mita 40 kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye alama ya mita 11, mapaja yamekaza. Basi wakimbizeni kwanza, muwapange katikati, kila mmoja aende kwa miguu yake, aweke mpira mwenyewe, asubiri filimbi, apige mara moja tu. Akikosa, amekosa, hakuna kurudia. Kosa kubwa la wapigaji ni kubadili mawazo wakiwa wameshaanza kukimbia: mguu wa egemeo unaelekea kushoto, macho yanataka kulia, mpira unaenda katikati au juu ya mtambaa wa panya. Chagua upande kabla ya kurudi nyuma, ukae nao.

Halafu kuna kuteleza. Akiteleza, mpira ukagusa miguu yote miwili bila kukusudia na ukaingia, siku hizi mkwaju unarudiwa, usipoingia, amekosa. Ufafanuzi huo ulitolewa 2025 baada ya bao la Julián Álvarez wa Atlético kukataliwa dhidi ya Real Madrid. Lakini akisimama ghafla kumhadaa kipa baada ya kumaliza kukimbia, anaandikiwa kukosa na kadi ya njano juu.

Kwa kipa, watangazaji wetu wanapotosha kweli. Si kila akisogea mkwaju hurudiwa. Anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake mpira unapopigwa. Akitangulia mbele na kudaka, unarudiwa, naye anaonywa. Akirudia kosa anapewa njano. Mpira ukienda nje au ukagonga mlingoti bila yeye kuugusa, haurudiwi isipokuwa imeonekana wazi kwamba alimvuruga mpigaji. Njano za dakika 120 haziingii kwenye matuta, kwa hiyo kipa mwenye njano asiogope.

Anayeendelea kuamini bahati nasibu amtazame kipa Ronwen Williams wa Afrika Kusini, robo fainali ya AFCON, Februari 2024: Cape Verde walipiga, akadaka minne, timu yake ikapita kwa 2-1. Mtu hadaki minne kwa kubahatisha pembe. Mpigaji ana mazoea, na mazoea huandikwa.

Hapo ndipo nina ombi kwenu. Mechi ikiamuliwa kwa matuta, iwe ya ligi, ya kombe au ya taifa, msiishie kuandika 4-3. Chapeni jedwali dogo: nani alianza, kila mpigaji kwa zamu yake, mguu gani, upande gani, juu au chini, na kipa aliruka wapi. Ni mistari kumi tu ya gazeti. AFCON 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, na makocha wa makipa wengi hapa hawana mtu wa kuwakusanyia taarifa hizo.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam