Tusiwacheke wasomaji wa wanyonya damu

Mhariri,

Nilimcheka binti yangu kwa kurudia *Twilight* ya Stephenie Meyer mara ya tatu. Kisha nikaichukua mwenyewe, nikaimaliza kwa siku mbili.

Riwaya hiyo ya 2005 inamhusu Bella, aliyehamia Forks, mji wa mvua jimboni Washington, Marekani, akampenda Edward, mnyonya damu aliyebaki na miaka 17 tangu 1918. Kinachonasa si damu (sisi tuliolelewa na visa vya jini mahaba hatutishiki). Ni kujizuia: kijana anaitamani damu ya mpenzi wake, hivyo hata busu ni hatari.

Ila Edward kumnyemelea Bella chumbani usiku ili amtazame akilala kulinikera. Binti yangu nimemwambia waziwazi. Sasa ananidai sehemu ya pili.

Mzazi,
Tanga