Picha ikigoma tuachieni sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo kuhusu hizi video za kustrimu, manake kila nikisoma habari za teknolojia hii naona watu wanashindana kutaja ukali wa picha tu, mara 4K, mara 8K, mara miwani ya kuvaa machoni uone mechi kama umekaa jukwaani, na yote hayo ni mazuri sikatai, lakini kuna kitu kinasahaulika na kinaumiza watu kweli kweli. Sauti.

Mjomba alifariki na mama hakuweza kusafiri, mguu ulikuwa haujapona, basi binamu yangu akasema atarusha mazishi laivu kwa simu yake. Tukaegemeza simu kwenye jagi la maji pale mezani, mama akavaa miwani akainama karibu kabisa na kioo. Mwanzoni picha ilikuwa safi, unaona mpaka vifungo vya mashati ya watu. Akasimama mtoto mkubwa wa marehemu kuzungumza, akafika mahali akasema, "Shangazi, najua unatutazama huko uliko," halafu picha ikaganda, sauti nayo ikaondoka, kikabaki kile kiduara kinazunguka. Mama akaniuliza, "Amesema nini?" Sikuwa na jibu. Akauliza tena. Laivu iliporudi watu walishaanza kutawanyika, wanakung'uta udongo viatuni.

Nilikasirika, nikaenda kusoma hivi vitu vinafanyaje kazi, na nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike. Video ya kustrimu haiji nzima kama maji ya bomba. Inakatwakatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kama 6 hivi, na kila kipande kinatengenezwa kwa viwango kadhaa, kizito, cha kati, chepesi, halafu simu ya mtazamaji inapima netiweki yake na kuchagua kipi kivutwe. Ndiyo maana picha inaanza na ukungu kisha inang'aa yenyewe. Apple walileta mfumo wao wa utaratibu huo, HLS, 2009 na leo karibu kila mtu anautumia au anatumia ndugu yake. Ila kwenye laivu ya simu kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii, yule anayerusha naye anahitaji netiweki ya kupandisha, na ukiwa makaburini na watu mia wenye simu mfukoni, wengine nao wanarusha, kupandisha ndiko kunakokufa kwanza. Upande wangu mimi nilikuwa na bando la kutosha kabisa, halikusaidia kitu.

Sasa angalia hesabu. Picha nzuri ya kawaida inakula kama megabiti 3 kwa sekunde, hiyo kwa saa moja ni zaidi ya GB 1. Sauti ya mtu anayeongea, ukiibana kwa Opus, mfumo wa kubana sauti uliopo tangu 2012 na usio na malipo kwa anayeutumia, kilobiti 32 kwa sekunde zinatosha ukasikia kila neno. Hiyo kwa saa haifiki hata MB 15. Yaani karibu mara mia chini ya picha! Netiweki iliyoshindwa kubeba sura ya binamu zangu wote pale kaburini ingeweza kubeba sauti ya yule mmoja bila jasho. Lakini app tuliyotumia ilivichukua vyote viwili kama mzigo mmoja, picha ilipozama ikazama na sauti.

Na wala si kwamba wenye ujuzi hawalijui hili. Kuna kipindi Apple waliziwekea sharti app za kuonyesha video ndefu kwenye data ya simu, ziwe na mkondo mmoja wa sauti tupu wa kilobiti 64, netiweki ikizidiwa mtu abaki anasikia. Kumbe wazo lipo miaka yote. Tena Machi 2020 watu walipofungiwa majumbani, Netflix na YouTube walipunguza ubora wa video Ulaya kwa ombi la Umoja wa Ulaya, Netflix wakasema watapunguza mzigo kwa 25%, na maisha yakaendelea, watu waliendelea kutazama. Kwa hiyo kushusha picha kwa ajili ya kitu muhimu zaidi inawezekana, ni uamuzi tu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kustrimu kumetoka kwenye burudani siku nyingi. Watu wanasoma vyuo kwa njia hii, daktari anamtazama mgonjwa aliye mbali, mahakama zinarusha kesi, wanafamilia wanaagana. Kwenye mechi picha ikiganda umepoteza goli, utaliona marudio. Kwenye somo, kwa daktari, kwenye mazishi, maneno ndiyo yenyewe. (Kwa ndugu zetu viziwi ni kinyume chake, kwao picha ya mkalimani wa alama ndiyo ilindwe, kwa hiyo mtumiaji aulizwe anataka kipi kibaki.)

Huko mbele ninakotamani mimi ni hapo. Ile AV1, mfumo wa kubana video uliotoka 2018, inabana picha vizuri kuliko mifumo iliyoitangulia na ilitengenezwa itumike bila ada ya leseni, vizuri sana, lakini isiwe sababu ya kujaza nafasi iliyookolewa kwa picha kubwa zaidi. Wekeni kitufe cha sauti tupu kwa anayerusha na kwa anayetazama. App ikiona netiweki inakata iitoe picha bila kuambiwa ibakize sauti, iandike kwenye kioo "unasikiliza", isingoje mtu atafute kwenye mipangilio huku mjomba wake anashushwa.

Ndugu Mhariri, waandishi wako wakipima simu na app wanatupimia kamera, betri, ukali wa kioo. Ninaomba wapime na hili: warushe laivu mahali netiweki ni mbovu, watuandikie sauti ilidumu au ilikufa, na app gani.

Jioni ile ile binamu alitutumia sauti aliyorekodi mtu mwingine pale pale, dakika 4, haikufika MB 1, ikaingia mara moja. Mama aliisikiliza yote kimya, ilipofika pale "Shangazi, najua unatutazama" akanishika mkono, halafu akaniambia niirudishe nyuma.

Msomaji wako