Zuhura, kabla hujabonyeza N

Tanga, Jumanne usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na majukumu. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: siku ya kuipandisha ile seva ya hospitali kutoka Debian 12, mfumo endeshi wake, kwenda 13, likitokea lile swali la faili la mipangilio (ubaki na lako au uchukue jipya), ujibu nini? Najua ungependa nikupe herufi moja uendelee na kazi zako. Wengi wetu tulifundishwa hivyo: bonyeza N, yaani baki na lako, songa mbele. Lakini mwenzangu, hiyo N ya mazoea ndiyo inayotuachia seva inayoonekana nzima leo, halafu inakuja kukuumbua siku ambayo hata hukumbuki kama uliwahi kuipandisha. Kwa hiyo nivumilie, barua itakuwa ndefu.

Kwanza lielewe swali lenyewe. Kifurushi cha programu kinaposakinishwa, dpkg, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, huweka alama ya MD5 (namba inayobadilika faili likibadilika) ya kila faili la mipangilio lililokuja nacho, ndani ya /var/lib/dpkg/status. Likija toleo jipya, inalinganisha vitu vitatu: faili lilivyokuja zamani, lilivyo sasa kwenye diski yako, na lilivyo kwenye kifurushi kipya. Kama hukuligusa, inaweka jipya bila kukuuliza. Kama waliotengeneza kifurushi hawakuligusa, inaliacha lako, nayo kimya. Swali linatokea pale tu ambapo mmeligusa nyote wawili. Maana yake, ukiliona swali, jua upande wa pili kuna mtu aliyebadilisha kitu kwa sababu fulani, na wewe sababu hiyo bado huijui. Unawezaje kujibu N kabla ya kuijua?

Ukijibu N (au O, ni yale yale) lako linabaki, na jipya linawekwa pembeni likiwa na mkia wa .dpkg-dist. Ukijibu Y (au I) jipya linachukua nafasi na lako linahifadhiwa kwa mkia wa .dpkg-old. Hakuna kinachopotea hapo, basi usitetemeke mkono. Herufi ya kuanza nayo ni D. Inakuonyesha tofauti: mistari yenye alama ya kutoa ni yako, yenye alama ya kujumlisha ni yao. Soma, bonyeza q, urudi kwenye swali. Na kuna Z, ambayo watu huiogopa bure: inakufungulia terminali katikati ya shughuli, unakwenda kutazama faili lako na lile jipya, ambalo muda huo linaitwa .dpkg-new, kisha unaandika exit na swali linakungoja palepale.

Chukua /etc/nginx/nginx.conf ya seva yenu, faili la nginx, programu inayohudumia tovuti. Nakumbuka uliongeza client_max_body_size, kikomo cha ukubwa wa kinachopakiwa, ili madaktari waweze kupakia picha za eksirei. Mstari mmoja tu, lakini kwa dpkg faili zima sasa ni lako. Ndani ya faili hilohilo kuna ssl_protocols, ambayo kwenye Debian 12 bado inataja TLSv1 na TLSv1.1, itifaki za kusimba mawasiliano ambazo IETF, chombo cha viwango vya intaneti, ilizistaafisha rasmi Machi 2021. Ukijibu N kulinda mstari wako mmoja wa eksirei, unaibeba na hiyo mistari mingine yote ambayo hukuiandika wala huna haja nayo.

Dawa yake inatengenezwa kabla ya siku ya kupandisha: mstari wako utoe kwenye faili lao, uuweke kwenye faili lako mwenyewe, mfano /etc/nginx/conf.d/hospitali.conf, halafu nginx.conf uirudishe ilivyokuja na kifurushi. Siku hiyo swali la nginx.conf halitatokea kabisa, kwa kuwa upande wako hakuna kilichobadilika. Seva nyingi siku hizi zina folda za namna hiyo zenye mkia wa .d: sysctl.d (ya kiini cha mfumo), sshd_config.d (ya sshd, huduma ya kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH), na kwa huduma zinazoendeshwa na systemd kuna amri ya systemctl edit inayokutengenezea override.conf bila kugusa faili la kifurushi.

Ila zina vituko vyake, na hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu haziko sawa. Kwenye sysctl.d, mafaili yanasomwa kwa mpangilio wa majina na thamani ya mwisho ndiyo inayoshinda, kwa hiyo jina la 99-yangu.conf ni zuri. Kwenye sshd ni kinyume: thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika. Seva nyingi za kukodi zinakuja na 50-cloud-init.conf iliyoandikwa PasswordAuthentication yes. Ukiweka 99-yangu.conf yenye no, umejifariji tu. Mlango wa nywila uko wazi. Iite 10-yangu.conf. Na usiniamini mimi wala faili, iulize sshd yenyewe: sshd -T itakutolea mipangilio inayotumika kweli, nawe utafute mstari wa passwordauthentication. Kwenye sudoers.d, folda ya ruhusa za utawala, nako, faili lenye nukta kwenye jina halisomwi kabisa, kwa hiyo hapo hiyo .conf yako iache nyumbani. Nginx haina habari ya kushinda wala kushindwa: maelekezo mengi ukiyaandika mara mbili ngazi moja, mfano gzip, itakataa kuwaka ikilalamika kwamba yamejirudia. Na worker_connections huwezi kuihamishia conf.d, lazima ikae kwenye nginx.conf. Kwa hiyo yatabaki mafaili machache ambayo lazima uyahariri. Ni sawa, alimradi unayajua kwa majina.

Kuyajua ni rahisi. Sakinisha debsums, kisha andika debsums -ce. Itakupa orodha ya mafaili ya mipangilio yaliyobadilishwa tangu yasakinishwe. Hiyo ndiyo mitihani yako ya siku ya kupandisha, na umeipata mapema. Kila faili, jiulize kwa nini liliguswa. Lisilo na sababu inayoeleweka, lirudishe asili.

Sambamba na hilo sakinisha etckeeper. Ilianzishwa na Joey Hess, mtu wa Debian wa siku nyingi, na kazi yake ni kuiweka /etc nzima, folda ya mipangilio yote, chini ya Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko. Inaweka kumbukumbu yenyewe kabla na baada ya apt, amri ya kusakinisha vifurushi, kufanya kazi, kwa hiyo swali la "nani aligusa hii, lini?" unalijibu kwa git log. Tahadhari moja: ndani ya /etc kuna shadow, faili la nywila zilizosimbwa, na funguo za siri za vyeti. Hazina hiyo isitoke nje ya seva kwenda mahali ambapo wengine wanaweza kuisoma. Na bado uchukue nakala ya data mbali na hapo. Etckeeper haijui habari za wagonjwa wenu.

Neno kuhusu nakala za mkono, kwa sababu nakujua. Ule mtindo wa kunakili faili na kuliita .bak palepale lilipo, kwenye sites-enabled utakuponza. Nginx ya Debian inasoma kila kilichomo kwenye folda hiyo bila kujali mkia, kwa hiyo .bak nayo inakuwa tovuti hai. Nakala peleka folda nyingine.

Sasa turudi kwenye herufi. Kuna maswali ambayo hayatakuja kwa sura ya dpkg. Faili la sshd_config, kwa mfano, linasimamiwa na ucf, chombo kingine cha Debian cha mafaili ya mipangilio, nalo linakuja kwa dirisha la rangi lenye orodha ya kuchagua. Maana ni ileile, isipokuwa jipya linaachwa kwa mkia wa .ucf-dist. Halafu kuna mambo ambayo N haiyaokoi hata kidogo, na Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, inayo ya kutosha.

La kwanza ni Dovecot, na nyinyi mnayo kwa barua pepe. Toleo la 2.4 lililomo kwenye Debian 13 limebadilisha lugha ya mipangilio. Faili la zamani halisomeki. Linataka dovecot_config_version iwe ya kwanza, ssl_cert imekuwa ssl_server_cert_file, na mail_location imevunjwa vipande. Ukijibu N na kulala, asubuhi hakuna anayesoma barua pepe. Hapa huna njia ya mkato: washa mashine pepe ya majaribio yenye Debian 13, andika mipangilio yako upya humo, ijaribu, kisha siku yenyewe unaiweka tu. Kama kuna jambo moja la kukufanya uahirishe, ni hili.

La pili, /etc/sysctl.conf haisomwi tena wakati wa kuwasha mashine. Kama ile net.ipv4.ip_forward=1 inayopitisha mtandao wa maabara uliiandika humo, itafanya kazi hadi utakapowasha upya, kisha maabara watakupigia simu. Ihamishie sysctl.d leo, wala usingoje.

La tatu ni PHP, lugha inayoendesha programu za tovuti. Kutoka 8.2 unakwenda 8.4, na mipangilio yake inakaa kwenye folda yenye namba ya toleo. /etc/php/8.4 inazaliwa safi, haikuulizi lolote, na upload_max_filesize inarudi kwenye 2M ya kawaida. Eksirei hizohizo zitagoma tena, safari hii bila nginx kuwa na kosa. Na kama kwenye tovuti umeandika njia ya php8.2-fpm.sock, utapata kosa la 502, yaani nginx imeshindwa kuifikia PHP. Andika /run/php/php-fpm.sock, kiungo kinachofuata toleo lililopo.

Umeuliza pia kama unaweza kuendesha yote bila kuulizwa, kwa hati ya amri. Unaweza, ila DEBIAN_FRONTEND=noninteractive peke yake inanyamazisha maswali ya dirisha tu, ya dpkg hainyamazishi. Hati itakwama ikisema pembejeo imekwisha kwenye swali la faili. Lazima umpe dpkg --force-confdef na --force-confold, yaani achague jibu la kawaida, na lisipokuwepo abaki na faili la zamani. Kwa seva nyingi zinazofanana, ambazo mipangilio yake inatoka Ansible, chombo cha kusambaza mipangilio kwa seva nyingi, ni sawa kabisa. Kwa seva moja ya hospitali mimi sikubali. Kaa nayo ujibu kwa mkono. Hata unattended-upgrades, inayowawekea viraka vya usalama kila siku, ikiona kifurushi kitaleta swali hili inakiruka na kukiacha cha zamani. Pitia logu zake kwenye /var/log/unattended-upgrades, huenda kuna kiraka kinakungoja muda mrefu.

Ile mashine ya Rocky Linux mliyonayo, ambayo haitumii dpkg, haiulizi chochote. Inaacha .rpmnew pembeni, au inakuwekea jipya na lako inaliita .rpmsave, kutegemea alivyoamua mtengenezaji wa kifurushi. Kuyatafuta ni juu yako.

Siku yenyewe: fanya kazi ndani ya tmux, programu inayoshikilia kikao chako cha terminali kwenye seva, maana umeme na intaneti havina adabu. Unganisho likikatika shughuli inaendelea. Mashine yenyewe ikizimika katikati, dpkg --configure -a itaanzia ilipoishia. Fungua muunganisho wa pili wa SSH na usiufunge hadi mwisho kabisa. Kabla ya kuwasha upya huduma yoyote, ijaribu kwanza: nginx -t, sshd -t, visudo -c. Kisha ufanye kile ambacho karibu kila mtu huruka:

find /etc -name '*.dpkg-*' -o -name '*.ucf-*'

Kila faili litakalotokea hapo ni swali ulilolijibu kwa haraka na bado linadai jibu kamili. Lifungue, lilinganishe na lako, chukua linalofaa, kisha lifute. Usiache hata moja. Ukiliacha, safari ijayo hutajua ni la toleo gani wala kwa nini lilibaki.

Na Zuhura, Ijumaa jioni hapana. Nimeona umeandika Ijumaa. Chukua Jumamosi asubuhi, wakati kliniki za nje zimefungwa na wewe una akili mpya, na mganga mkuu awe na taarifa kwa maandishi.

Nitumie orodha ya debsums kabla ya Alhamisi tuipitie pamoja kwa simu. Majina ya mafaili tu yanatosha, yaliyomo usinitumie, kuna nywila humo. Mama anakusalimu, anauliza ile achari ya maembe uliyomwahidi imefikia wapi.

Wako,
Mwanaidi