Nyumba ya wazi sawa, ila iwe inafungika

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nizungumzie hizi nyumba za siku hizi ambazo sebule, daining na jiko vyote viko sehemu moja bila ukuta. Huku Goba, Madale mpaka Kibaha watu wengi wanaoanza ujenzi wanakuja na picha kwenye simu, wanamwambia fundi nataka kama hii. Mi nachora ramani na nasimamia saiti, na sina ugomvi na uwazi, naupenda kabisa, maana kwa joto la Dar ukiwa na madirisha pande mbili zinazotazamana na katikati hakuna ukuta, kusi ikianza kuvuma upepo unaingia huku unatokea kule na feni unazima. Kinachoniumiza ni kwamba watu wanafuta ukuta kwenye karatasi bila kujiuliza siku wakiuhitaji wataupata wapi.

Chukua jiko tu. Sisi tunapika haswa, dagaa wanakaangwa, nazi inachemka, vitunguu vinaungua kidogo, na hiyo harufu ikishaingia kwenye makochi ya kitambaa na mapazia kuitoa ni kazi. Afu kuna suala la stara ambalo kwenye ramani halionekani. Mama yuko jikoni na khanga zake anasonga ugali, hodi inapigwa, shemeji kaja na wenzake wawili, mlango unafunguliwa na jiko lote liko machoni kwao, sasa huyu mama aende wapi? Nyumba ya Kiswahili hili ilishalimaliza zamani, korido katikati, vyumba huku na huku, jiko uani, mgeni ambae si wa ndani anaishia barazani na hakuna anaeona kanyimwa heshima. Mteja akija na picha yake ya kwenye simu hilo swali la shemeji ndo naanza nalo, na mara nyingi wenye jibu ni akina mama, ila akina baba ndo wanaokuja kuchorewa ramani.

Ila pia tusirudi kukatakata vyumba vidogo vidogo. Msiba ukitokea kwenye nyumba ya namna hiyo akina mama wengine wako chumbani, wengine wamebanana koridoni, wengine nje juani wanagombania kivuli cha turubai. Sebule ikiwa ya wazi makochi yanatolewa, mikeka inatandikwa ukuta hadi ukuta, wafiwa na waliokuja kuwafariji wote wanakaa pamoja. Hivyo hivyo kwenye kufuturisha, maulidi, siku ya kumpamba bi harusi. Kwahiyo nyumba zetu zinahitaji vyote viwili, kufunguka na kufungika, na hapo ndo penye kazi ya mchoraji.

Na wala si jambo geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni vyembamba kwasababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuwa inazidi sana mita 3, lakini ndani ya ufinyu huo wazee waliweka misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, inafuatana bila milango katikati, wakitaka faragha wanashusha pazia. Kule Uholanzi, mji wa Utrecht, msanifu majengo Gerrit Rietveld aliijenga nyumba ya bi Truus Schröder mwaka 1924, mjane mwenye watoto watatu, na ghorofa ya juu ina kuta za kuteleza, mchana ukumbi mmoja, usiku vyumba. UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Wote hao walijua toka mwanzo ni kitu gani kimebeba dari na ni kitu gani kinasogea.

Sisi hatujui, na hilo ndo tatizo kubwa. Nyumba nyingi za chini tunazojenga kuta za ndani zimebeba, lenta, ule mkanda wa zege, imepita juu yake na kenchi, zile fremu za mbao za paa, zimeegemea hapo. Miaka inapita, mwenye nyumba anaona aongeze uwazi, anaita kijana mwenye nyundo wanaangusha ukuta jumamosi moja, baada ya muda siling imeshuka katikati, nyufa juu ya milango, na kuja kurekebisha ni hela nyingi kuliko ambayo ingetumika mwanzo. Hii inaamuliwa kabla ya kupaua, baada ya hapo umechelewa. Ama kenchi zipigiwe hesabu zitoke ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, ama kuwe na nguzo na bimu ya zege, na hapo mjue uwazi wa mita 6 unaweza kuomba bimu yenye kina cha karibu nusu mita, nondo ngapi injinia ndo aseme. Fundi akikwambia weka tu nondo nne itashika, usikubali, tafuta injinia hata kama ni kwa hiyo bimu moja.

Yakishakaa sawa hayo, mengine ni vitu vidogo ambavyo ukivifanya mapema havina gharama. Tailizi zipigwe ukumbi mzima kwanza, ukuta mwepesi wa jipsamu au mlango wa kukunja uje juu yake, siku ukiutoa hubaki na mfereji sakafuni. Kila upande ambao unaweza kuja kuwa chumba uwe na dirisha lake, swichi yake na soketi zake. Dirisha moja la mbele liache kwenye nafasi ya mlango, maana juu yake tayari kuna lenta, kesho ukitaka duka au chumba cha kupangisha unatoa tofali za chini yake tu, upana ule ule, hujagusa kinachobeba. Jipsamu jikoni mi siipendi, maji na mvuke vinaila, na kelele inapita labda ujaze sufi katikati, kwa jiko mlango wa kukunja wa mbao ni bora. Na jamani mtungi wa gesi uwekwe nje, bomba ndo liingie ndani, kwasababu hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, na kwenye nyumba ya wazi inatembea mpaka sebuleni watoto wanapolala kwenye zulia.

Ombi langu kwa halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi, kila ramani ioneshe kwa rangi kuta zinazobeba na zisizobeba, na mwenye nyumba apewe nakala aitunze pamoja na hati ya kiwanja, ili hata akiuza au akirithisha, anaefuata ajue aguse wapi. Na wewe Mhariri nakuomba ukurasa wenu wa ujenzi umuite injinia atueleze kenchi za mbao zinazouzwa huku kwetu zinaweza kuruka mita ngapi bila ukuta wa kati, maana hilo swali naulizwa sana saiti na watu wanastahili jibu la mtaalamu.

Mchora ramani,
Goba, Dar es Salaam