Mama, picha ilinishinda

Leeds, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na safari hii nikisema mzima nimekusudia.

Mwaka jana nilipokuwa nakupigia bila video, si kwamba bando lilikwisha. Sikutaka unione. Ugonjwa wangu unaitwa anoreksia. Si husuda ya mtu, wala sikuukataa mchuzi wako wa nazi. Hofu ya kunenepa ilinishika hata kipande cha muhogo nikakiogopa. Kwenye kioo namwona mtu mnene, na huku hedhi imekata miezi 11.

Nilipoanza matibabu nikawa nagombana na daktari: kilo ngapi zinatosha? Hakunitajia. Akanipeleka altrasaundi ya tumbo la chini. Nikalala, kibofu kimejaa, yule mama mpimaji akanipaka jeli ya baridi kisha akanigeuzia skrini. Ovari zangu, zile zinazotoa mayai ya uzazi, zilikuwa ndogo, zimetulia, kama za mtoto asiyevunja ungo. Mfuko wa uzazi nao umesinyaa. Nililia palepale. Kioo nilizoea kubishana nacho. Picha ile nilikosa la kuijibu.

Tangu hapo hatukufuata kilo, tulifuata picha. Zinazomtosha mwenzangu huenda mimi zisinitoshe, kwa hiyo nile mpaka ovari ziamke. Kipimo cha tatu vikaonekana vifuko vya mayai, vyeusi, vya duara, kama mbegu za papai, kimoja kimewazidi wenzake. Baada ya wiki chache nikaiona hedhi. Niliikaribisha kama mgeni wa Idi.

Mifupa ndiyo inanipa huzuni. Walinipima nyonga na uti wa mgongo kwa mashine ya DEXA: madini yamepungua kuliko ya wanawake wa rika langu, maana mwili wenye njaa huacha kutengeneza estrojeni, homoni ya kike inayoilinda mifupa. Hurudi polepole, na pengine isirudi yote. Kalsiamu peke yake haifui dafu. Dawa ni kula.

Nakuja Desemba. Najua huko kwetu Ngamiani, Tanga, mgeni hupokewa kwa "umenenepa!" au "mbona umekonda!" Mama, zungumza na shangazi na majirani, kwa upole, wasiniambie lolote katika hayo. Kwao ni mapenzi, kwangu bado ni mwiba.

Na mdogo wangu, uliyesema siku hizi hali chakula na wenzake, usimgombeze. Kaa naye sahani moja. Muulize hedhi zake faraghani, na kama zimekata mpeleke hospitali ya Bombo, usisubiri nije.

Mwanao