Watoto walikuwa wapi? Barua kwa washenga, makungwi na wajumbe wa mtaa

Wenzangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoitwa ndoa za watu zikiwaka moto. Mke kapigwa, mume kaitwa, mkeka umetandikwa, chai imeletwa (na kaipika huyo huyo aliyevimba jicho). Tunamsikiliza huyu, tunamsikiliza yule, tunaamuru wasameheane, funika kombe mwanaharamu apite. Katika vikao vyote nilivyokaa sijapata kumsikia mtu akiuliza watoto walikuwa wapi.

Walikuwa pale pale. Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, na kati yake pazia.

Mtaniambia wa miaka mitatu hajui kitu. Anajua. Hata mchanga wa kunyonya hushtushwa na sauti ya ukali. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza upya. Msemaji hodari hunyamaza. Tumbo humkata kila magharibi, zahanati hawaoni minyoo wala malaria, maana magharibi ndipo baba anarudi. Mwili wake unakaa chonjo muda wote, na mtoto anayekaa chonjo hivyo halali vizuri, hatulii, hashiki anachofundishwa. La kuumiza zaidi, umri huo mtoto hudhani kila jambo limetokana na yeye: mama kapigwa kwa sababu nilimwaga uji. Hakuna anayemwambia sivyo. Badala yake tunamchapa kwa ukojozi, au anapelekwa kwa mganga akafungwe hirizi.

Nimefundisha chekechea hadi nikastaafu. Siku moja uani walicheza baba na mama. "Baba" akarudi kazini, akauliza chakula kiko wapi. Hajanyanyua hata mkono, "mama" keshachuchumaa, viganja juu ya kichwa. Hakuna aliyemfundisha. Wenzao wakaendelea kupika mchanga kwenye vifuu kama kawaida.

Basi lile neno "vumilia kwa ajili ya watoto" naomba tuliache. Ulizeni kwanza watoto wanalalaje, wanamwogopa nani. Mke akitaka kwenda kwao na wanawe, asiitwe mkorofi. Mume akidai ana haki ya kumrudi mkewe, mtajieni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo. Akirudia, hiyo si kesi ya mkekani tena. Polisi wapo wa Dawati la Jinsia na Watoto, yupo afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Mtoto naye atafutiwe mtu mzima mmoja asiyemtisha, bibi, mjomba au mwalimu, amwambie waziwazi "si kosa lako", na kesho amwambie tena. Ale na alale kwa saa zile zile, aachwe acheze. Watoto wengi hutengemaa kipigo kikikoma. Kisipokoma, maneno ya bibi hayatoshi, na sisi tuliosuluhisha tuna wajibu wa kurudi kwenye nyumba ile hata bila kuitwa.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga