Barua ya wazi kwa vijana wa kamati za mitaa: saruji si zawadi

Wanangu mliochaguliwa kuingia katika kamati za mitaa na za shule hapa Moshi, assalamu alaikum, na amani iwe pia kwenu msio Waislamu.

Nawaandikia nikiwa bado na uchungu wa Jumamosi. Katika mkutano wa mtaa wetu, mama mmoja muuza ndizi alisimama akauliza kwa nini fundi aliyepewa kazi ya kujenga vyoo vya shule alishusha mifuko kumi ya saruji nyumbani kwa mjumbe wa kamati. Mjumbe hakukana. Alijibu kwa utulivu kwamba ile ni zawadi, na kwamba dini imetuhimiza kupeana zawadi. Watu wakapiga makofi, na yule mama akaketi akijifunika uso kwa khanga. Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, nimesikia utetezi wa kila aina, lakini huu wa kujificha nyuma ya dini umeniumiza kuliko wote.

Dini hiyohiyo imelijibu jambo hili zamani. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za kabila la Banu Sulaym, naye aliporudi akasema: hizi ni zenu, na hizi nimepewa zawadi. Wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim, wamepokea kwamba Mtume alipanda mimbari akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi ingemfikia. Tazameni kipimo kilivyo chepesi. Hakuulizwa alimpendelea nani. Aliulizwa kama angepewa mali ile asingekuwa na kazi ile. Nawe, mwanangu, usingekuwa mjumbe, fundi yule angeijua hata njia ya kwako?

Sheria zetu zinafuata mkondo huohuo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haihesabu fedha taslimu peke yake, bali manufaa ya namna yoyote yanayotolewa kama kishawishi au malipo ya upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi zijitahidi kuweka taratibu za watumishi wa umma kutangaza zawadi kubwa zinazoweza kuleta mgongano wa maslahi. Anayeniambia kwamba utawala bora ni maneno ya wazungu na asome Surat al-Baqara, aya ya 188, inayokataza kuwapelekea mahakimu mali ili kula haki za watu.

Mengine mnayajua: shura, yaani kushauriana, imo katika Surat ash-Shura, aya ya 38, amana na uadilifu katika an-Nisaa, aya ya 58, na ibara ya 8 ya Katiba yetu inasema Serikali itawajibika kwa wananchi.

Wala siwalaumu ninyi peke yenu. Sisi wazee ndio tunaowapa viti vya mbele harusini watu ambao utajiri wao hatuthubutu kuuliza ulikotoka. Mlango wa kuhoji nao tumeuacha ufungwe: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, jirani zetu kabisa, na mwaka 2010 nchi yetu iliruhusu raia wapeleke mashauri yao huko moja kwa moja, lakini Novemba 2019 ikaiondoa ruhusa hiyo, na wengi wetu tukanyamaza. Yule mama alikuwa na mkutano wa mtaa tu wa kuulizia, nanyi mkampigia makofi aliyemnyamazisha.

Jana nilipita pale nikaiona mifuko ile, imefunikwa turubai ukutani, saba bado haijafunguliwa. Irudisheni shuleni kabla mvua hazijaanza, mnunue mitatu iliyotumika, kisha mkutano ujao someni mapato na matumizi ya vyoo vile mstari kwa mstari. Nitakuja mapema niketi karibu na yule mama.

Mzee wenu, Moshi.